Buibui Aliyejizika

Mama mmoja ametuandikia kwamba mwanawe alileta nyumbani buibui mkubwa wa manyoya aliyemkuta shambani, akamtia katika chombo chenye udongo. Siku za mwanzo akionekana. Sasa ni wiki ya tatu amejizika, hali chakula, na kijana kila jioni humfukua kwa kijiti apate kuwaonyesha wenzake. Mama auliza: je, hili lafaa?

Kufuga kiumbe si haramu kwa asili yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimjua mtoto Abu Umayr na ndege wake mdogo, wala hakumkataza. Lakini twaijua pia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Basi sharti ni kumjua unayemfuga.

Buibui hawa wafugaji huwaita tarantula. Mmoja wao, Pterinochilus murinus kwa jina la kitaalamu, ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, na leo hufugwa hata Ulaya na Marekani. Akiwa mdogo hujificha sana, na hujivua ngozi mara kwa mara. Akiwa mkubwa huenda apitishe mwaka mzima au zaidi kabla ya kujivua tena. Wakati huo unapokaribia huacha kula, huziba mlango wa tundu kwa utando na udongo, akakaa ndani wiki nyingi, pengine miezi. Hujivua akiwa amelala chali, na asiyejua hudhani amekufa. Ngozi mpya ni laini mno. Kijiti kikimgusa saa hiyo chaweza kumpasua. Hata panzi hai aliyesahauliwa humo aweza kumjeruhi. Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 10, tunduni mwake. Dume akishabalehe hutoka akazurura usiku kutafuta jike, na umri uliombakia si mrefu.

Chombo nacho kina neno lake. Penye udongo wa kina atachimba, usimwone mchana kutwa. Udongo ukiwa haba na pana magome ya mti, huyu tuliyemtaja hufuma utando mwingi juu ya ardhi, nawe utamwona mlangoni usiku. Akiwekwa mahali patupu ataonekana saa zote, kwa kuwa hana pa kukimbilia, na watu husema amezoea! Sisi twaona hiyo ni dhiki. Kina mama, ambao vazi lao limechukua jina lake, hawahitaji kuelezwa haja ya sitara.

Kijana na aache kufukua. Aweke maji kidogo katika kifuniko, aondoe chakula kisicholiwa, achungulie usiku kwa taa hafifu. Asimshike kwa mkono, kwani huuma, na uchungu wake ni mkali. Akishindwa kungoja, basi buibui akishatoka mwenyewe na kuanza kula tena, amrudishe jioni pale pale alipomkuta.