Königsberg haikuishia Rufiji

Mwandishi, makala ni safi, lakini hapo uliposema modeli ya manowari ya Kijerumani Königsberg imekamilika mizinga yote kumi ikishabandikwa sitahani, sikubaliani nawe. Meli yenyewe ilizama kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, kisha mizinga yake ikaopolewa, ikakarabatiwa Dar es Salaam, ikakokotwa na wapagazi Waafrika kwenye vita vya nchi kavu. Modeli inayoishia sitahani inawafuta watu hao. Mdau hapo juu anasema kazi ya modeli ni usahihi wa vipimo, siasa ziwekwe kando. Haya, twende na vipimo: kwa kiwango cha 1:350, meli ya mita 115 inakuwa sentimita 33 hivi, na tundu la mzinga wa sentimita 10.5 linabaki milimita 0.3. Anayejisumbua kutoboa tundu hilo atashindwaje kuweka pembeni mzinga mmoja juu ya magurudumu, pamoja na watu wanaouvuta? Nanyi wenzangu wa Thika na Ruiru mnaounda modeli, mzinga mmoja halisi uko Fort Jesus, Mombasa. Mkishuka Pwani, bebeni tepu ya kupimia.