Je, Jumapili ya Baba Hulipwa Mara Mbili?

Ndugu msomaji, ukiamka Baba Dogo siku ya Jumapili utadhani Nairobi nzima imepumzika. Wanakwaya wanapita na sare zao, akina mama wanawahimiza watoto wavae viatu, na hata kelele za viwandani zimepungua. Lakini zipo nyumba ambazo kiti cha baba ki tupu. Yeye alitoka alfajiri na buti zake na chupa ya chai, kwa maana ameajiriwa na reli, na reli haijui Jumapili.

Garimoshi la mizigo lililotoka Mombasa Jumamosi usiku halisimami njiani kungoja Jumatatu. Lazima awepo dereva, mpiga ishara, na kikosi cha kukaza mataruma.

Mwisho wa mwezi ndipo ugomvi huanza. Mke anaishika hati ya mshahara na kuuliza: "Baba Fulani, Jumapili 4 zote ulikuwa kazini. Mbona sioni malipo maradufu?" Mume anaguna tu. Basi mke anaanza kushuku kwamba pesa zimeishia kwa mama pima. Kumbe huenda hakuna aliyemdanganya mwenzake.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, humpa mfanyakazi angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Haisemi siku hiyo iwe Jumapili. Ikiwa ratiba ya zamu inaonyesha kwamba ofu ya baba ni Jumanne, basi Jumapili kwake ni siku ya kazi kama Jumatano, hata kama mchungaji hatafurahi kusikia hivyo. Mambo hubadilika akiitwa kazini hiyo Jumanne.

Amri ya Jumla ya Mishahara huweka saa 52 za kazi kwa juma, zigawanywe katika siku 6. Saa za ziada siku za kawaida hulipwa mara 1 na nusu. Kazi ya siku ya ofu au sikukuu ya taifa hulipwa mara 2. Na saa 1 ni pesa ngapi? Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, ugawanye kwa 225.

Enyi wanafunzi, leteni kalamu. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 22,500. Saa 1 ni shilingi 100. Ovataimu ya kawaida ni shilingi 150 kwa saa, na saa 8 za siku ya ofu ni shilingi 1,600. Akiitwa ofu 2 kwa mwezi, hizo ni shilingi 3,200. Hapo karo imepunguka kidogo.

Aliye na mkataba wa pamoja uliotiwa saini na chama cha wafanyakazi ausome kwanza. Ukiwa na masharti bora kuliko ya sheria, hayo bora ndiyo hufuatwa.

Jihadharini na lile neno la msimamizi: "Ofu utachukua siku nyingine." Kuahirisha kunaruhusiwa, lakini kwa makubaliano ya pande zote mbili, na siku hiyo nyingine ije kweli, ikiwa na malipo yake kamili. Kwa maoni yangu, ofu isiyo na tarehe ni sadaka, na mwenye nyumba hapokei sadaka badala ya kodi.

Wazee wa reli hawakuwa wanyamavu. Januari 1947 walijiunga na wenzao wa bandarini katika mgomo mkuu wa Mombasa, wakidai malipo ya kutosheleza maisha. Mwaka 1959 wakagoma tena.

Leo si lazima mtu aanzie kwenye mgomo. Dai nyingi za ovataimu huanguka mahakamani kwa sababu mdai hawezi kutaja ni siku zipi na saa ngapi. Mwajiri anapaswa kuweka rekodi, naam, lakini daftari la shilingi chache nyumbani halidhuru. Mama au kijana wa sekondari aandike kila siku: baba ametoka saa ngapi, amerudi saa ngapi, ratiba ilisemaje. Nakala ya ratiba ibandikwe humo humo, na kila hati ya mshahara itunzwe.

Hesabu zikikataa kulingana, apelekewe msimamizi kwa maandishi, kisha chama, kisha afisa wa leba. Wala asingoje kustaafu, kwa kuwa madai ya namna hii yana mwisho wake kisheria, na hata muda mrefu zaidi hauzidi miaka 3.