FEDHA YA MAJI NA VILIMA VYA BUHA

Siku hizi twasikia sana habari za mataifa yanayotumia fedha za Serikali kuondoa chumvi katika maji ya bahari na kuyaweka akiba chini ya ardhi. Mfano ulio mkubwa ni wa Abu Dhabi. Huko, mwezi wa Januari 2018, ilifunguliwa ghala ya maji chini ya mchanga wa jangwa la Liwa, nayo imejazwa mita za ujazo milioni 26 za maji yaliyotolewa baharini, yakasafishwa, yakasukumwa kwa mabomba, kisha yakaachwa yazame ardhini yangoje siku ya dhiki. Hatuna neno la kuwakejeli wenzetu hao. Hawana mito, na mvua yao ni haba. Wana mafuta na wana bahari, nao wametumia walicho nacho.

Lakini habari hizo zatuletea swali: Je, sisi twatumia tulicho nacho? Hapo fikira zetu zinakwenda Kasulu na Kibondo, katika nchi ya Waha, ambako hakuna haja ya kuondoa chumvi katika maji ya kunywa. Tena pana kichekesho. Kule Uvinza, karibu na pale mto Ruchugi uingiapo Malagarasi, watu kwa mamia ya miaka wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi, si wapate maji, bali wapate chumvi. Maji wameyaacha yapae kuwa mvuke. Nchi iwezayo kufanya hivyo haiwezi kuitwa nchi ya ukame.

Tupige hesabu kidogo. Mvua ya milimita 1,000, ambayo katika vilima hivyo si jambo la ajabu kwa mwaka, ikinyesha juu ya hekta moja ni lita milioni 10. Juu ya paa la bati la mita za mraba 50 ni lita 50,000. Basi kwa nini mama wa Kibondo, ufikapo mwezi wa Agosti, angali anashuka bondeni na dumu kichwani? Ni kwa sababu mvua hiyo huanguka kati ya Novemba na Mei, ikakuta vilima vingi vimevuliwa miti, ikateremka kwa haraka pamoja na udongo wetu, ikaenda zake Malagarasi. Masika maji ni tope. Kiangazi chemchemi ni uzi mwembamba. Kinachokosekana ni ghala.

Tusisahau pia historia. Katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 wananchi walihamishwa kutoka makao yaliyotawanyika, wakakaa katika vijiji kando ya barabara. Shule ilikaribia na zahanati ilikaribia. Lakini mara nyingi chemchemi ilibaki kule kule ilikowekwa na Mungu. Mwaka mmoja kabla yake, 1971, Serikali ilikuwa imeanza mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulifika. Maji kwa wengi hayakufika. Visima vilichimbwa, pampu zikafungwa, lakini dizeli ilikwisha na vipuri havikupatikana. Fedha ya kujenga ilikuwako. Fedha ya kutunza haikuwako, na pampu bila fundi ni chuma tu.

Leo hali si ile. Tangu bajeti ya 2015/16 kila lita ya petroli na dizeli hukatwa shilingi 50 kwa ajili ya Mfuko wa Maji. Tangu Julai 2019 upo Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Mji wa Kasulu umo katika mradi wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, ambao mikataba yake ya ujenzi ilitiwa saini Juni 2022. Haya ni mambo ya kushukuriwa. Wazee wa Buha wanakumbuka zama za manamba, vijana wao walipochukuliwa kwenda kukata mkonge wa Tanga. Sasa dereva wa lori wa Tanga, kila ajazapo tangi, huchangia maji ya Kasulu. Twaona hiyo ni haki iliyochelewa, lakini ni haki.

Hata hivyo tunalo la kusema juu ya namna fedha hiyo inavyoelekezwa. Macho ya wakubwa hupenda bomba na tangi, kwa kuwa vitu hivyo hufunguliwa kwa kukata utepe. Msitu uliopandwa juu ya chanzo haukatiwi utepe. Wala mtaro uliochimbwa kufuata kontua, ili maji ya mvua yasimame na kuzama, haupigwi picha. Na hiyo ndiyo ghala ya chini ya ardhi ya Buha! Haihitaji mtambo wala umeme. Yahitaji majembe, miche, ujira wa kazi, na miaka. Bomba jipya likichomekwa katika chanzo kinachokauka, mkopo utalipwa na mabomba yatakuwa makavu.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za watu zilizo za kudumu au zenye kuharibu, ndani ya mita 60 za mto. Ni sheria njema, lakini aliyelima maharage bondeni tangu ujana wake hawezi kuondolewa kwa barua tu. Kama Taifa lataka maji kutoka shamba lake, na limpe shamba jingine au ujira wa kupanda miti pale pale. Fungu la namna hiyo lapasa kuandikwa ndani ya gharama ya kila mradi wa maji, kama saruji inavyoandikwa.

Liko pia suala la kambi za wakimbizi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996. Nduta ilifunguliwa Kibondo. Mtendeli, katika wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo, ilifungwa 2021. Wenyeji waliwapokea jirani zao wa Burundi na Kongo, na misitu yao ikaliwa na kuni. Visima vilivyochimbwa kwa ajili ya kambi ni mali ya thamani. Kambi inapofungwa, kila kisima kinachofaa na kikabidhiwe vijiji pamoja na fundi wake, vipuri vyake na daftari lake, kabla waya na pampu hazijapata miguu.

Nanyi viongozi wa mashina na matawi, msingoje wageni kutoka Dodoma. Katika mkutano wa kijiji ulizeni: jumuiya ya watumia maji imekusanya shilingi ngapi, imetumia ngapi kwa matengenezo, na chanzo chetu kimepandwa miti mingapi iliyo hai? Majibu yaandikwe, yabandikwe penye kituo cha kuchotea maji, mahali ambapo akina mama watayasoma wakingoja ndoo kujaa.