PANGA LIFUNGWE, NA UPEKUZI UFUATE SHERIA

Ndugu wanakijiji,

Siku ya gulio la mwezi uliopita watu wetu walipanda basi la asubuhi na mapanga yao, maana wengi walitaka kuyapitisha kwa mnoaji. Panga moja liliachwa wazi chini ya kiti. Dereva alipokanyaga breki likateleza, likamkata mama mmoja mguuni. Mbele kidogo, penye kizuizi, askari wakateremsha abiria wote, wakapekua kila mfuko, wakachukua mapanga tisa na visu vinne vya jikoni. Hakuna aliyepewa karatasi yoyote. Mzee mmoja aliambiwa eti akilitaka panga lake arudi na ya soda.

Tangu siku hiyo kijiji kimegawanyika. Wako wanaosema askari wapekue kila mtu kila siku, na panga lisionekane kabisa garini. Wako wanaosema askari asiguse mfuko wa mkulima. Sisi tunasema kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Tuanze na sisi wenyewe. Asiye na panga msimu wa kufyeka ni mtu wa kuazima. Lakini yule mama hakukatwa na jambazi, alikatwa na uzembe wetu. Tena jioni ya gulio walevi wakigombana ndani ya basi, kilicho karibu na mkono ndicho kitakachotumika. Kanuni ya Adhabu inasema ni kosa kwenda na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kwenda shamba ni sababu halali. Kulishika panga wazi katikati ya abiria huku umelewa, je, nalo ni shamba?

Sasa twende kwa askari. Katika darasa letu la elimu ya watu wazima tuliisoma Katiba ya 1977. Haki za raia ziliingizwa humo mwaka 1984, na ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa askari uwezo wa kusimamisha gari na kupekua akiwa na sababu ya kushuku. Sheria hiyo hiyo inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha, na afisa anayechukua kitu katika upekuzi atoe stakabadhi. Basi upekuzi ni kazi halali. Kudai soda si upekuzi, ni rushwa.

Mtu asiseme haya ni mambo madogo. Aprili 1981, huko Brixton, London, polisi walisimamisha watu zaidi ya 900 kwa siku chache tu wakitafuta wahalifu. Wengi walikuwa vijana, na zaidi ya nusu walikuwa weusi. Hasira ikajaa, mtaa ukawaka moto. Mwaka 1984 Uingereza ikatunga sheria kwamba askari awe na sababu ya kweli ya kushuku, na upekuzi uandikwe. Baadaye, mwaka 1994, polisi waliruhusiwa kupekua bila kumshuku mtu, lakini kwa eneo maalum na saa maalum, kwa amri ya mkubwa wao. Na sheria yao ya visu ya 1988 inamkubali anayebeba kisu kwa ajili ya kazi yake. Kama huko mijini wanamtambua mtu wa kazi, mbona mkulima wetu ageuzwe jambazi?

Askari anayepekua ovyo hupoteza watu wa kumpa habari. Na wanakijiji wanaobeba makali ovyo humpa askari sababu. Kwa hiyo tunashauri hivi:

Kwanza, panga lifungwe kwa gunia, likae kwenye buti au juu ya keria. Kondakta alipokee na kumrudishia mwenyewe akishuka. Kisu cha jikoni kiviringishwe vizuri ndani ya kapu.

Pili, mlevi asipande na chombo chenye makali. Kondakta amkatalie, na sisi abiria tumsaidie kondakta badala ya kutazama dirishani.

Tatu, askari akisimamisha gari tusibishane wala tusikimbie. Tumuulize kwa adabu jina lake, kituo chake na sababu. Akichukua kitu, tuombe stakabadhi. Asiyejua kusoma amwombe mwenzake amsomee, na asitie dole gumba kabla ya kusomewa.

Nne, Mwenyekiti wa Kijiji na Mtendaji waende kwa mkuu wa kituo na orodha ya mapanga tisa na visu vinne. Kila aliyenyang'anywa afike ofisi ya ushirika Jumamosi asubuhi aandikwe. Asiogope, tutakwenda pamoja.

Ndugu zangu, yule mama bado anachechemea, na yule mzee mpaka leo anaazima panga kwa jirani. Wote wawili ni watu wetu. Tusimtetee mmoja kwa kumsahau mwingine.

Katibu wa Tawi