Kujitoa Peke Yake Hakujengi Kiwanda

Tanzania ilipojitoa katika Soko la Pamoja la Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, COMESA, mwaka 2000, maoni ya wananchi yaligawanyika. Upande mmoja ulishikilia kuwa Serikali haiwezi kupoteza ushuru wa forodha, wala kuviacha viwanda vichanga vimezwe na bidhaa za majirani. Upande wa pili, hasa wenye viwanda na wafanyabiashara, ulilalamika kwamba nchi inajifungia soko kubwa, hali Kenya na Uganda zinabaki ndani.

Kila upande ulikuwa na hoja. Kosa ni kudhani kwamba kutoka au kubaki kwenyewe ni dawa. Ushuru uliookolewa una maana iwapo umezaa kazi; na soko lililo wazi halimfai asiye na cha kuuza.

Jambo hili ladhihirika Mabibo, Dar es Salaam. Hapo pamejengwa eneo maalumu la viwanda lenye jina la Benjamin Mkapa, Rais ambaye wakati wake nchi ilijitoa. Viwanda vya hapo vilikusudiwa kuuza nje, na masoko ya majirani ndiyo yale yale yaliyobishaniwa mwaka 2000.

Kwa hiyo hapana budi kila mkataba wa biashara, kabla ya kutiwa saini au kuvunjwa, uelezwe kwa wafanyakazi na wakulima kwa hesabu iliyo wazi. Wao ndio wanaolipa gharama ya uamuzi, uwe wa kutoka au wa kubaki.