Nyaya za Muziki Nyumbani: Unene Kwanza, Jina Baadaye

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilibeba nguo, shanga na nyaya za shaba. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijitayarisha kwa safari yake huko Unguja mwaka 1871, alielezwa kwamba waya uliofaa kwa biashara ya bara ulikuwa wa namba 5 na namba 6, yaani waya mnene unaokaribia ule wa simu ya maandishi. Akaandika pia kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu. Katika habari hizo waya unatajwa kwa madini yake na kwa namba ya unene wake, wala si kwa jina la aliyeutengeneza.

Leo hali ni tofauti katika nchi zile zile ambazo misafara hiyo ilizielekea. Igunga, mji ulio kwenye barabara kuu baina ya Singida na Nzega, umo katika Mkoa wa Tabora, mkoa uliozaa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Mapenzi ya muziki hayahitaji kufundishwa huko. Mtu akipata fedha baada ya kuuza pamba au mpunga, si ajabu kumwona akirudi nyumbani na kikuza sauti, ambacho mafundi hukiita amplifaya, pamoja na spika na sabufa. Vyombo hivyo hupangwa vizuri kabatini, na kitambaa cha kufuma kikatandikwa juu. Lakini nyuma ya kabati mna fundo la nyaya zilizosokotana, nyingine za umeme, nyingine za sauti, na hakuna ajuaye upi unakwenda wapi.

Hoja ya makala haya ni kwamba fundo hilo lastahili kuangaliwa kwa makini kuliko vyombo vyenyewe. Huharibu sauti ambayo mwenye nyumba amekwisha kuilipia, humfanya anunue vitu asivyovihitaji, na, kubwa kuliko yote, laweza kuua mtu.

Nyaya za aina tatu

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba waya ni waya tu. Nyuma ya kabati la muziki kuna kazi tatu zisizofanana, na kila moja yataka waya wake.

Kazi ya kwanza ni kupeleka sauti iliyo dhaifu. Sindano ya santuri hutoa umeme wa milivolti 5 hivi, nayo maikrofoni hutoa kiasi kidogo kama hicho. Kicheza kaseti au simu ya mkononi hutoa zaidi, lakini kwa kawaida si zaidi ya volti moja au mbili. Umeme mdogo namna hii huchafuliwa upesi na umeme wa jirani. Kwa hiyo waya wake hauhitaji kuwa mnene. Unachohitaji ni kinga, yaani wavu wa nyuzi za shaba unaouzunguka waya wa kati na kuzuia uchafu wa nje usiingie.

Kazi ya pili ni kuendesha spika. Kikuza sauti kinachotoa wati 50 kwenye spika ya omu 8 hutoa volti 20 na mkondo wa ampea 2.5. Hizo volti 20 ni mara 4,000 ya zile za sindano ya santuri. Sauti yenye nguvu hivyo haisumbuliwi na majirani, wala haihitaji kinga. Inachotaka ni njia pana, yaani shaba nene.

Kazi ya tatu ni kuleta umeme wa volti 230 kutoka ukutani. Hapa waya unatakiwa uwe na kihami kisichopasuka, unene unaolingana na mzigo, fyuzi inayofaa na waya wa ardhini ulio mzima.

Ajabu ni kwamba wanunuzi wengi hufanya kinyume. Hununua kwa bei kubwa waya wa kuunganisha simu na amplifaya kwa sababu ncha zake zimepakwa dhahabu, kisha huziunganisha spika kwa waya mwembamba wa taa uliobaki baada ya ujenzi. Fedha huwekwa pale ambapo haina faida, na kunyimwa pale inapohitajika.

Hesabu ya shaba

Jambo hili si la kubishaniwa kwa maneno matupu, maana hesabu yake ni nyepesi. Waya wa shaba wa nyuzi nyingi wenye eneo la milimita 0.5 za mraba una ukinzani wa omu 39 hivi kwa kila kilomita. Spika ikiwa mita 10 kutoka kwenye amplifaya, umeme huenda mita 10 na kurudi mita 10, jumla mita 20. Ukinzani wa njia hiyo ni karibu omu 0.78. Kama spika ni ya omu 4, basi asilimia 16 hivi ya nguvu yote inayotoka kwenye amplifaya hugeuka joto ndani ya waya. Mwenye nyumba anaupasha moto waya, na hapati muziki.

Akitumia waya wa milimita 2.5 za mraba, ambao ukinzani wake ni omu 8 hivi kwa kilomita, hasara hiyo hushuka hadi chini ya asilimia 4. Tena mdundo wa chini huwa thabiti, kwa kuwa amplifaya huweza kuishika vizuri ngozi ya spika na kuizuia isiendelee kutikisika baada ya sauti kukoma.

Huenda mtu akasema kwamba waya mnene ni ghali kwa mtu wa kipato kidogo. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake limo katika hesabu hiyo hiyo. Spika zikiwa mita 3 tu kutoka kabatini, waya wa milimita 1.5 za mraba unatosha kabisa, na hasara yake kwa spika ya omu 4 ni asilimia 2 hivi. Kusogeza kabati hakugharimu kitu, na waya mfupi ndio waya bora kuliko wote.

Hata hivyo, unene peke yake wadanganya iwapo madini si yale yaliyotajwa. Siku hizi huuzwa nyaya za alumini zilizovikwa shaba kwa juu. Hizo hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili hivi ya shaba halisi, na nyuzi zake hukatika upesi zikipindwa mara nyingi. Si haramu kuzitumia, lakini lazima ziwe nene zaidi, na bei yake iwe ndogo zaidi. Mnunuzi aweza kuzitambua bila maabara. Akikwangua uzi kwa wembe na kuona weupe ndani, hiyo si shaba tupu. Akipima kwa mkono, ataona wepesi, maana uzito wa alumini ni chini ya theluthi ya ule wa shaba yenye ukubwa huo huo. Akisogeza sumaku na waya ukavutwa, basi ndani yake mna chuma. Vipimo hivi vitatu vyafaa kufanywa mbele ya muuzaji, kabla fedha haijatoka mfukoni.

Vyote ving'aavyo si dhahabu

Kuhusu ncha zilizopakwa dhahabu, ukweli ni kwamba dhahabu haishiki kutu. Katika mahali penye vumbi na jasho la mikono, ncha ya dhahabu hudumu safi muda mrefu, na hiyo ni faida. Lakini haiongezi utamu wowote wa sauti. Vivyo hivyo kwa nyaya zinazopitisha sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu, kama zile za kuunganisha televisheni. Tarakimu ama hufika salama au hufika zimeharibika, na zikiharibika sauti hukatika-katika. Haiwi nzito wala nyororo kwa sababu ya bei ya waya.

Wako wasemao kwamba masikio yao yamesikia tofauti, na masikio ni shahidi. Sayansi haimkatai shahidi huyo, bali humtaka aapishwe. Ajifunge kitambaa machoni, mwenzake abadilishe nyaya mara 10 au zaidi bila kusema neno, na nguvu ya sauti iwe ile ile kila mara. Akiweza kuutambua kila mara waya wa bei kubwa, ana hoja. Akipata nusu na kukosa nusu, basi kilichosikia ni macho yake yaliyosoma bei.

Kuna kosa jingine ambalo hakuna waya wa bei yoyote uwezao kuliponya. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, nyekundu ya moja ikashikwa kwenye nyeusi, ngozi ya spika moja husukuma hewa wakati ngozi ya pili inaivuta. Sauti za chini huuana zenyewe kwa zenyewe. Mwenye nyumba hulalamika kwamba muziki hauna mdundo, akaenda kununua sabufa kubwa zaidi, kumbe dawa ilikuwa kubadili ncha mbili za waya kwa nusu dakika.

Mpango nyuma ya kabati

Utaratibu unaofaa si mgumu. Nyaya za umeme zipite upande mmoja wa kabati, na nyaya za sauti dhaifu upande wa pili. Pale zinapolazimika kukutana, zipishane kama njia panda, zisilazwe pamoja kwa urefu. Waya uliozidi usiviringwe na kurundikwa juu ya kikuza sauti, kwa kuwa huziba matundu ya hewa. Kila waya ubandikwe kipande cha plasta chenye jina lake kwenye ncha zote mbili. Nyuzi za waya wa spika zisokotwe vizuri, maana uzi mmoja tu ukigusa ncha ya pili waweza kuunguza amplifaya.

Zipo pia sababu za mahali. Vumbi la kiangazi huingia kwenye matundu ya plagi na kuleta mikwaruzo ya sauti. Kuzichomoa na kuzifuta kwa kitambaa kikavu, umeme ukiwa umezimwa, huondoa nyingi ya kasoro hizo. Panya hupenda fundo la nyaya lililolala sakafuni, kwa hiyo yafaa nyaya ziinuliwe na kufungwa kwenye mgongo wa kabati. Wakati wa mvua, radi zinapoanza, plagi ya umeme na waya wa antena vichomolewe vyote viwili, kwani kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Pini ya tatu

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote. Mara nyingi vyombo vikisha kuunganishwa, spika hutoa mvumo mzito usiokoma. Huo ni umeme wa ukutani, ambao hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Kwa kawaida hutokea pale vyombo viwili vilipounganishwa ardhini kwa njia mbili tofauti, na mkondo mdogo ukapita katika kinga ya waya wa sauti. Watu wamegundua kwamba ukivunja pini ya tatu ya plagi, au ukikata waya wa ardhini, mvumo hunyamaza. Wengi huuita ufundi.

Huo si ufundi. Waya wa ardhini upo ili siku kihami kitakapochakaa na umeme kugusa bati la kikuza sauti, mkondo ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike. Ukiondolewa, bati hubaki na volti 230, kimya, likimngoja mtu wa kwanza kuligusa. Mara nyingi mtu huyo ni mtoto aliyetumwa kuongeza sauti, au mama anayefuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Hakuna wimbo unaostahili bei hiyo.

Tena dawa ya kweli ipo. Vyombo vyote vya kabati vichomekwe kwenye soketi moja ya ukutani kupitia ekstensheni moja nzima yenye pini tatu, mradi mzigo usizidi uwezo wake. Nyaya za sauti zifupishwe. Kama mvumo watoka upande wa televisheni, na vyombo vina tundu la waya wa mwanga, waya huo utumike, kwa sababu mwanga haupitishi mkondo wa umeme. Ikishindikana, fundi aweke transfoma ndogo ya kutenganisha njia ya sauti, lakini ardhi ya umeme iachwe kama ilivyo. Aidha, fundi wa umeme aombwe apime nondo ya ardhini ya nyumba. Udongo ukikauka ukinzani wake huongezeka, kwa hiyo nondo fupi inayofaa wakati wa masika yaweza isifae wakati wa kiangazi. Swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja kwa milampea 30 ni kinga ya ziada iliyo bora kuliko waya wowote wa dhahabu.

Kwa hiyo mwenye kabati la muziki hana budi kuzigawa fedha zake kwa mpango: kwanza usalama wa ardhi na umeme, pili shaba ya kutosha kwa spika, tatu kinga kwa sauti dhaifu, na jina la mtengenezaji liwe la mwisho. Mafundi redio nao wana wajibu wa kukataa kukata pini ya tatu, hata mteja akisisitiza, na kumwonyesha njia nyingine. Wachuuzi wa zamani wa njia ya Unyanyembe waliutaja waya kwa namba ya unene wake. Mnunuzi wa leo naye aanze kwa kuuliza milimita ngapi, na ni shaba au si shaba.