Bangili ya Sumaku Haiponyi Goti

Bangili za sumaku, na zile zinazoitwa za ayoni, huvaliwa mkononi kwa ahadi ya kutuliza maumivu ya mgongo, magoti na viungo vya vidole. Katika miji ya Thika na Ruiru, nchini Kenya, ahadi hiyo haikosi wasikilizaji. Wengi huko hula kwa nguvu za mgongo: wachumaji kahawa, wavunaji mananasi, wachonga mawe wa Juja, mafundi cherehani viwandani na waendesha bodaboda. Kibarua anayelipwa kwa siku akilala nyumbani kwa sababu ya kiuno hapati kitu. Kwake yeye, bangili inayonunuliwa mara moja huonekana nafuu kuliko foleni ya Hospitali ya Thika Level 5. Ndiyo maana anastahili kuambiwa ukweli kabla ya kutoa pesa.

Wauzaji hudai kwamba sumaku huvuta chuma kilichomo katika damu, mzunguko ukawa bora. Chuma hicho kimefungwa ndani ya himoglobini na hakivutwi kama msumari; damu iliyojaa oksijeni hata husukumwa kidogo mno na sumaku. Mashine nyingi za MRI zina nguvu ya tesla 1.5, kupita mbali bangili yoyote, na mgonjwa hulala ndani yake damu ikiendelea na njia yake. Ayoni nayo ni atomu iliyopoteza au kuongeza elektroni, na bangili ya chuma haina akiba ya ayoni za kumimina mwilini. Na pale kitu kinapotoka kweli, huenda kikawa hatari: mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilipiga marufuku bidhaa 10, zikiwemo bangili, kwa sababu zilitoa mionzi ya nyuklia.

Majaribio yamefanywa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, waliwagawa watu 610 wenye maumivu: nusu walivaa bangili za ayoni, nusu bangili za kuigiza. Baada ya siku 28 makundi yote mawili yalisema yamepata nafuu, bila tofauti kati yao. Katika jingine lililochapishwa mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliwapa wagonjwa 70 wa baridi yabisi bangili za sumaku kali, sumaku dhaifu, zisizo na sumaku na za shaba kwa zamu. Hakuna iliyopunguza maumivu wala uvimbe zaidi ya bangili ya kuigiza, yaani ile isiyo na sumaku. Upande wa pili upo pia: jaribio la Uingereza la 2004, lenye watu 194 waliougua magoti au nyonga, lilionyesha nafuu kiasi. Lakini baadhi ya washiriki waligundua kama bangili yao ilikuwa na sumaku, na matarajio yao yangeweza kuleta nafuu hiyo.

Mvaaji anayesema amepata nafuu hasemi uongo. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka, na mtu hununua bangili yanapokuwa yamepanda. Matumaini nayo hupunguza maumivu kweli. Hatari iko katika muda unaopotea. Baridi yabisi huharibu viungo mapema, na dawa kama methotreksati hufaa zaidi ikianzwa mapema. Maumivu ya mgongo yasiyoisha yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaotibika.

Nchini Marekani, mahakama ya Chicago iliamua mwaka 2006 kwamba madai ya wauzaji wa bangili ya ayoni iitwayo Q-Ray yalikuwa ya uongo, na ikaamuru wanunuzi warudishiwe hadi dola milioni 87. Kenya haikosi msingi wa kufanya vivyo hivyo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa, na Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza madai ya uongo kuhusu bidhaa. Kuivaa bangili kama pambo si kosa. Kuiuza kama tiba bila ushahidi kunafaa kuzuiwa, na jukumu la kuthibitisha ni la muuzaji.

Mwenye viungo vilivyovimba, vinavyokakamaa kila asubuhi, au mgongo unaouma pamoja na homa na kukonda, aende kupimwa kwanza, na pesa ya bangili aitumie kwa nauli.